Naomba ushauri: Baby Driver tuionyeshe kwa sauti gani?

Wapendwa, nawasalimu kutoka Katuba, Lubumbashi. Jumamosi huwa tunaonyesha filamu kwa vijana wa mtaa, na safari hii nimechagua Baby Driver ya Edgar Wright (2017). Wenzangu wanasema ni klipu ndefu ya muziki tu, hadithi hakuna. Mimi sikubali. Yule dereva wa majambazi wa Atlanta ana mlio masikioni usiokoma, ndiyo maana anausikiliza muziki muda wote, ndio unaomwendesha. Anapokwenda kununua kahawa huku "Harlem Shuffle" ikipigwa, tazameni kuta: maneno ya wimbo yameandikwa humo! Na kwenye mapambano, risasi zinalia sawasawa na ngoma.

Sasa shida ni lugha. Wengi hawajui Kiingereza. Tuweke sauti ya Kifaransa, au tubakize ya asili na maandishi chini? Kaka mmoja amejitolea kutafsiri kwa Kiswahili kwenye maiki. Wadogo watafurahi sana, lakini naogopa atafunika nyimbo, na muziki humo hunyamaza mara chache mno. Bafle letu (spika) lenyewe ni moja.

Mliowahi kuonyesha filamu ya namna hii, mlifanyaje?