Mrejesho: ile namba 4,294,967,297 si tasa

Wakuu, niliuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe), maana mdogo wangu hapa Mikindani alinibishia tukawekeana soda. Nimeliwa.

Mmoja wenu alisema kigawo chake chochote tasa, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Nikakaa chini ya mkorosho na daftari: 193, 257, 449, 577 zote zikagoma. Nikaja 641. Jibu 6,700,417, baki sifuri! Nikarudia mara mbili, sikuamini.

Kumbe ni 2 kipeo cha 32 jumlisha 1, na mwanahisabati Fermat mwenyewe alidhani ni tasa; ni mwanahisabati mwingine, Euler, aliyekuja kuivunja mwaka 1732. Angalau nimekosea na wakubwa. Dogo kachagua soda ya chupa kubwa, mjanja huyo.