Kujaza risasi mwenyewe nyumbani: kuna faida kweli au ni kujitafutia kazi?

Kipara_Columbus
Wakuu heshima kwenu. Swali kwa mlio Marekani mnaojua mambo ya bunduki. Bei ya risasi imenichosha. Juzi nimenunua boksi moja la risasi 20 za kuwindia kwa dola 38, kodi bado. Yaani kila nikifyatua natupa karibu dola mbili porini.

Sasa kazini kuna jamaa anauza vifaa vyake vyote vya kujazia risasi upya: presi, kalibu, mizani, na makorokoro mengine kwenye ndoo. Anataka dola 450, anasema nitarudisha hela yangu ndani ya mwaka mmoja. Ninunue au nibaki na maboksi ya dukani? Naomba majibu kabla ya Ijumaa, kuna mwingine anaviulizia.

Fundi_Saa
Bunduki ya namba gani, yaani inatumia risasi ya aina gani? Unapiga risasi ngapi kwa mwaka? Maganda yaliyokwisha pigwa, ambayo ndiyo yanajazwa upya, unaokota au unayaacha uwanjani? Presi ni ya kubana moja moja au ile inayozunguka? Hizo kalibu, zile za kurudisha ganda umbo lake, ni za namba gani? Mkuu, umetupa bei na siku ya mwisho tu, kama mnada.

Bi_Mwanahawa_Houston
Nunua mwanangu, usisikilize wanaume wa hesabu. Mimi na baba watoto tunajaza zetu tangu 2016. Ile korona ilipoingia, 2020 na 2021, rafu za risasi madukani zilikuwa nyeupe, watu wanapanga foleni alfajiri wanapewa boksi moja moja. Sisi tulikuwa na fataki, vile vidude vya kitakoni vya kuwasha baruti, elfu tatu kabatini, tulizonunua elfu moja kwa dola 32. Tulikwenda uwanjani kila Jumamosi kama kawaida.

Bwana_Shabaha
Dada, hizo za dola 32 wasimulie wajukuu. Mimi mara ya mwisho nimelipa 90 kwa elfu, na nilishukuru.

Kwa mwenye mada: usijaze risasi kwa ajili ya kuokoa pesa. Jaza kwa ajili ya shabaha. Kila mtutu una tabia yake. Unabadilisha kipimo cha baruti kidogo kidogo, unabadilisha kina cha kichwa, ile sehemu inayoruka, ndani ya ganda, mpaka unakuta risasi tano zimeingia kwenye tundu la kufunika kwa shilingi. Dukani hupati hiyo. Napiga risasi ya namba 6.5 Creedmoor, yadi 1,000.

Fundi_Saa
Ilikuwa hupati, zamani. Boksi nzuri la siku hizi linapiga vizuri kuliko wengi wanaojisifu humu. Tumsubiri mwenye mada ajibu.

Kipara_Columbus
Samahani nilikuwa zamu ya usiku. Bunduki ni 308. Kwa mwaka napiga kama risasi 60, nikienda uwanjani mara mbili tatu kurekebisha darubini, na chache za msimu. Maganda nilikuwa naacha, sikujua yana kazi. Presi ni ya kubana moja moja. Kalibu nimepiga picha, boksi limeandikwa 30-06.

Fundi_Saa
Basi umejijibu nusu. Kalibu za 30-06 hazitengenezi 308. Zote mbili zinatumia kichwa kilekile na kishikio cha ganda kilekile, ndiyo maana watu huchanganya, lakini ganda la 30-06 ni refu zaidi. Kwa hiyo ongeza dola 50 za kalibu zako.

Tuziache hizo 50 kwanza, tupige hesabu. Bei ni zangu mimi za mwaka huu. Kichwa cha kuwindia senti 45. Fataki senti 9. Baruti dola 50 kwa ratili. Ratili ni greni 7,000, 308 inakula greni arobaini na kitu, tuseme ratili moja inatoa risasi 160, hiyo ni senti 31. Ganda jipya senti 60, ukilitumia mara sita ni senti 10. Jumla senti 95. Wewe unalipa dola 1.90, kwa hiyo unaokoa senti 95 kwa risasi moja. Gawa 450 kwa hiyo, unapata risasi 474. Kwa risasi zako 60 ni miaka minane kasoro mwezi hivi. Huyo jamaa anahesabu mwaka wa sayari gani?

Na hapo sijaweka muda wako. Maganda 50 ni jioni nzima: kuyaosha, kuyapaka mafuta, kuyabana yarudi umbo lake, kupima urefu, kukata yaliyorefuka, kuweka fataki, kupima baruti, kukalisha kichwa. Ukiagiza baruti na fataki mtandaoni unatozwa na ada ya kusafirisha vitu hatari juu yake.

Bi_Mwanahawa_Houston
Na starehe yake hukuiweka kwenye hesabu. Wenzio wanalipa pesa kwenda kuvua samaki wasiowala.

Mti_Mkavu
Ngojeni kidogo. Columbus ipi? Ohio?

Kipara_Columbus
Ndiyo mkuu, Ohio. Nataka kulungu wa wiki ya bunduki, ile inayoanza Jumatatu baada ya Thanksgiving.

Mti_Mkavu
Kaka yangu, shusha hiyo 308. Ohio hairuhusiwi kwa kulungu. Bunduki ya mtutu mrefu lazima itumie ganda lililonyooka kama bomba, lisilobanwa shingoni: 45-70, 350 Legend, 450 Bushmaster na ndugu zao. Walifungua mlango huo 2014. Kabla yake ilikuwa shotigani na zile za kushindilia kwa mdomo. 308 ina mabega na shingo kama chupa. Kwa shabaha ruhusa, kwa coyote, mbweha wa huku, ruhusa, kwa kulungu utapokonywa nyama na kufikishwa mbele ya hakimu. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka huu, kinatolewa bure.

Kipara_Columbus
Mungu wangu. Aliyeniuzia hakuniambia hata neno!

Fundi_Saa
Na ndiye huyohuyo anayeuza presi?

Kipara_Columbus
Ndiye. Kwao ni West Virginia ila anaishi hapa. Kila mwaka anarudi kwao kuwinda.

Mti_Mkavu
Huko kwao 308 ni halali, si mwongo. Ila hukumuuliza. Na mimi nina swali jingine, usikasirike: karatasi zako zikoje? Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi Marekani, labda awe na leseni halali ya kuwinda au misamaha mingine michache. Na kosa hilo ni la serikali kuu. Nimeona kijana mzuri kabisa amekatishwa masomo akarudishwa nyumbani.

Kipara_Columbus
Nina kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, tangu 2019. Hapo niko salama.

Mti_Mkavu
Alhamdulillahi. Basi na hili ujue: kujaza za kwako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Ukianza kuwajazia washikaji kwa malipo, umekuwa mtengenezaji, na hilo lina leseni yake. Usije ukafungua kiwanda gereji.

Tabora_Kwetu
Nasoma nikiwa Tabora nashangaa tu. Yaani mtu ana mashine ya risasi mezani, pembeni ya friji? Huku silaha na risasi zina sheria yake ya 2015, ukitaka hata kununua risasi lazima uwe na kibali. Babu yangu alikuwa na gobore, alishindilia baruti na vipande vya chuma kwa ufito. Siku moja alishindilia mara mbili kwa kusahau. Kidole gumba alizikwa bila hicho.

Bwana_Shabaha
Ndiyo maana kuna mizani.

Sauti_ya_Pwani
Mizani haisaidii kama kichwa hakipo kazini. Ngoja niwasimulie yangu, ndefu kidogo.

Nilikuwa na baruti za aina mbili, zote nyeusi, punje fupi, ukizitazama huwezi kutofautisha. Jumamosi, nimeshajaza risasi 120, bado chombo cha kupimia kina baruti nusu. Simu ikaita: kamati ya harusi ya binamu yangu Tanga, mimi ni mjumbe, nadaiwa ahadi. Dakika arobaini za kubishana kuhusu ukumbi na idadi ya soda. Nikarudi mezani, nikamimina baruti iliyobaki kwenye kopo lake, nikafunga, nikalala.

Asubuhi natazama makopo: yote mawili yamefunguliwa, yote yako mezani. Sikumbuki nilirudisha kwenye lipi. Mbaya zaidi, sikumbuki nilikuwa nimechota lipi. Ukichukua kipimo cha baruti ya polepole ukakijaza kwa baruti ya haraka, mtutu unageuka bomu sentimita kumi kutoka machoni pako.

Nilikaa kitini nusu saa nikijaribu kujidanganya. Nilishika hata risasi moja nikaitikisa sikioni, kana kwamba itaniambia. Mwishowe nikatoa ile nyundo ya kung'olea vichwa. Unaingiza risasi ndani yake, unagonga sakafuni, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Mara tatu nne kwa kila risasi, risasi 120. Jirani wa chini akaja kuuliza kama tunatwanga kisamvu. Makopo mawili, zaidi ya dola 90, yote nikatupa. Na ahadi ya harusi nikalipa vilevile.

Tangu siku hiyo: kopo moja tu mezani, na simu iko chumba kingine. Mama mzazi atasubiri.

Bi_Mwanahawa_Houston
Pole sana. Ulitupa wapi hiyo baruti? Sisi kidogo kidogo huinyunyiza kwenye majani ya uani, ina naitrojeni.

Sauti_ya_Pwani
Niliimwaga kwenye kitalu cha sukuma wiki. Ilistawi mpaka mke wangu akauliza nimeweka mbolea gani.

Fundi_Saa
Usile hiyo sukuma.

Sauti_ya_Pwani
Tulishakula.

Tabora_Kwetu
😂😂😂 na mko wazima?

Fundi_Saa
Baruti si mbolea ya samadi jamani. Ina vitu vingine vimepakwa juu kupunguza kasi ya kuungua. Kwenye majani ya kukanyaga sawa, kwenye mboga hapana.

Mmaskati
Salamu kutoka Oman. Ninyi mnabishana dola, sisi wengine hatuna dukani pa kwenda. Ukutani kwa babu kuna Martini-Henry, bunduki ya Waingereza ya 1871, ganda lake kubwa kama kidole cha mtu mnene. Risasi zake si za kukuta rafuni. Wanaopiga Martini huko Uingereza na Marekani wanajitengenezea, wengine wanachonga na maganda yenyewe kutoka ganda la shotigani la shaba. Hapo hesabu ya Fundi haina kazi.

Bwana_Shabaha
Babu aliipata wapi?

Mmaskati
Hilo swali kwenye familia yetu haliulizwi.

Fundi_Saa
Mmaskati amegusa jambo la maana. Faida inategemea namba ya bunduki. 350 Legend, iliyotoka 2019, boksi lake ni la bei nafuu, ukijaza mwenyewe unaokoa senti kidogo sana. Lakini 45-70, ambayo ipo tangu 1873, boksi la 20 nimeliona dola 58, karibu tatu kwa risasi. Kujaza mwenyewe, hasa ukinunua vichwa vya madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa, unashuka chini ya dola moja. Hapo dola 450 zinarudi kwa risasi 225 hivi. Na 45-70 ni halali Ohio.

Kipara_Columbus
Kwa hiyo niuze 308, ninunue 45-70, halafu ninunue na presi?

Fundi_Saa
Sijasema hivyo.

Bi_Mwanahawa_Houston
Mimi nasema hivyo.

Bwana_Shabaha
45-70 inapiga teke kama punda wa Lamu. Chukua 350. Na usiuze 308, utajuta, nenda nayo Pennsylvania kwa leseni ya mgeni. Ingawa 308 nayo ni ya 1952, mambo ya wazee.

Mti_Mkavu
Mzee ni aliyekufundisha kulenga. Kulungu hajui mwaka risasi ilipotengenezwa.

Kipara_Columbus
Taarifa wakuu. Nimemwambia jamaa kalibu si zangu na bunduki si ya hapa. Amecheka sana, ameshuka mpaka 350 na ataongeza maganda 200 ya 308 aliyookota. Sijajibu bado. Halafu ameniambia shemeji yake ana 45-70 ya zamani.

Fundi_Saa
Shemeji yake anaishi wapi? Kama ni West Virginia usipokezane naye mkononi, silaha kati ya wakazi wa majimbo mawili inapitia kwa muuzaji mwenye leseni. Uliza KABLA safari hii. Na maganda hayo tazama ndani ya kitako: tundu moja katikati ni sawa, matundu mawili madogo hayakufai, pini ya kalibu za kawaida itavunjika humo.

Tabora_Kwetu
Mimi nina swali tofauti. Huyo kulungu wa Ohio nyama yake ikoje, kama paa wetu au?

Mti_Mkavu
Mlaji wa mahindi huyo, mafuta kidogo. Bega lake ukilichemsha na ndimu na tangawizi kisha ukalikaanga, ugali hautoshi.

Cleveland_254
Samahani kuingilia, mwenye mada akiikataa hiyo presi naomba namba ya jamaa inbox. Mimi nina 30-06.