Nyumba za kulala kwa siku mitaani kwetu Dodoma: zitungiwe sheria ndogo au ziachwe?

Mleta mada (Ilazo)

Mbukwenyi wana-Dodoma.

Kuna jambo tunalinong'ona vibarazani tu, na mimi nimechoka kulinong'ona. Kwenye kijibarabara chetu cha vumbi hapa Ilazo kuna nyumba kumi na moja. Nne kati ya hizo hazina wenyeji tena, zina wageni. Kila baada ya siku mbili tatu geti linafunguliwa na sura mpya. Ufunguo unakaa kwenye kisanduku cha namba ukutani, mwenye nyumba yuko Dar au Mwanza, na anayefua mashuka ni binti anayeshushwa na bodaboda saa nne asubuhi. Wengine wanaziita Airbnb hata kama hazijatangazwa kwenye mtandao huo wa kupangisha, wengine wanaziita apatimenti. Mimi naziita nyumba za kulala kwa siku.

Nianze na yangu mjue nimesimama wapi. Mimi ni mwalimu. Mwaka juzi mwezi wa tatu mkataba wangu ulipokaribia kuisha, mwenye nyumba aliniambia hataongeza. Hakunitukana wala hakunidhulumu, alinipigia hesabu waziwazi. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na kodi niliyokuwa nalipa kwa mwezi angeipata kwa wiki moja ya wageni. Nilihama na watoto wawili muhula ukiwa katikati. Nyumba niliyoipata ilikuwa Nala, na mwanangu wa darasa la nne akawa anaamka saa kumi alfajiri ili awahi shule. Nilihangaika mwaka mzima kurudi Ilazo.

Mji huu umejaa ghafla. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia kweli, watumishi wakaja na familia zao, na kila familia inataka nyumba karibu na shule, soko na kituo cha daladala. Nyumba iliyo Ilazo, Area D au Kisasa ikiondolewa kwa wapangaji wa mwaka na kupewa wapita njia, yuko mtu anayesukumwa nje ya mji.

Sheria haiko kimya kabisa. Kiwanja kina matumizi yake, yameandikwa kwenye hati, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka uombe ruhusa ukitaka kuyabadili. Wazee wa mji wanakumbuka ukali wa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kuhusu ramani kabla haijavunjwa 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri. Lakini nyumba ya kulala kwa siku haijengi ukuta mpya wala haiweki bango. Kwa nje ni nyumba tu, na ramani haiioni.

Hata kodi ya majengo haiioni. Ile shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye umeme wa LUKU kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa ni ileile kwangu ninayelea watoto na kwa jirani anayelaza wageni ishirini kwa mwezi. Gesti ya pale barabarani ina leseni, ina daftari la wageni, watu wa afya wanaikagua. Hawa wanafanya biashara ileile na hawaulizwi chochote.

Kuna na usiku mmoja ambao sitausahau. Saa nane mwanamke alipiga kelele ndani ya mojawapo ya nyumba hizo. Majirani tulitoka na tochi, tukagonga geti, hakuna aliyefungua. Balozi wa nyumba kumi hakuwa na jina la mgeni wala namba ya mwenye nyumba. Tulikaa nje hadi polisi walipofika, na yule dada akatoka akiwa hai, tukamshukuru Mungu. Lakini kwa dakika arobaini mtaa mzima haukujua nani yuko ndani ya ukuta ule. Januari 2024 kule Nairobi wanawake wawili waliuawa katika nyumba za namna hii ndani ya mwezi mmoja, ndipo serikali yao ikaanza kudai zisajiliwe. Sisi tusingoje maiti.

Pendekezo langu ni hili. Anayelala humo humo uani apangishe kwa siku bila kusumbuliwa, ajiandikishe tu kwa mtendaji wa mtaa. Nyumba ambayo mwenyewe haishi pale ihesabiwe kuwa gesti: iombe kubadili matumizi, ikate leseni, iwe na daftari, na iwe na mtu anayeweza kufika getini usiku uleule. Karibuni, mnipinge kwa hoja.

Mchangiaji, Kisasa

Mwalimu, pole kwa kuhamishwa, nasema kwa moyo kabisa. Mimi nina nyumba mbili za namna hiyo na nitakujibu bila kuficha.

Nilijenga kwa mkopo wa mshahara. Nyumba ya kwanza niliipangisha kwa mwaka. Mpangaji alilipa miezi sita, akakaa kumi na moja, akahama usiku na kuniachia bili ya maji na mlango wa choo umeng'olewa. Nilifika kwa mwenyekiti, nikafika baraza la ardhi la kata, sikupata hata senti. Mgeni wa siku analipa kabla hajaingia. Unaniambia nirudi kwa mpangaji wa mwaka kwa sababu mwanao anaamka alfajiri? Naumia kwa ajili ya mwanao, lakini nina wanangu pia.

Na huko kubadili matumizi unakokutaja kirahisi, umewahi kukujaribu? Ni mchoro, ni ada, ni nenda rudi. Mwenye ghorofa ataweza. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu atafunga au atafanya kwa kificho, na kificho ndicho unachokilalamikia.

Mchangiaji, Kondoa

Mimi siyo wa Dodoma mjini, ila mjadala huu unanihusu. Mama yangu alilazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa wiki tatu. Tulikuwa ndugu wanne wa kupokezana, na mgonjwa alikuwa anataka uji na mchuzi wa nyumbani. Gesti haikuruhusu hata jiko la gesi dogo. Tulipata nyumba Iyumbu ya kulipa kwa siku, tukapika, tukamfulia, tukasali pamoja. Mkizifunga, watu wa Singida, Kondoa na Mpwapwa wanaokuja na wagonjwa mtawalaza wapi?

Mchangiaji, Area C

Miji mikubwa imeshafika hapa. New York tangu Septemba 2023 wanabana kweli: ukipokea mgeni wa chini ya siku 30 lazima usajiliwe, uwepo mwenyewe ndani, na wageni wasizidi wawili. Barcelona meya alitangaza 2024 kwamba leseni zote za apatimenti za watalii, elfu kumi na kitu, hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Wenzetu waliacha mpaka vijana wao wakakosa pa kuishi ndipo wakashtuka. Sisi bado tuna nafasi ya kuwahi.

Mchangiaji, Nzuguni

Barcelona ina watalii, ndugu yangu. Sisi wageni wetu ni mtumishi aliyeitwa wizarani kwenye mji wa serikali wa Mtumba, mzazi aliyekuja mahafali ya UDOM, shahidi wa kesi. Tena tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, wengi wanakuja asubuhi wanarudi Dar jioni. Nenda Njedengwa mwezi wa kumi na mbili, Bunge likiwa limefungwa, uhesabu nyumba zilizo giza. Biashara hii itajipunguza yenyewe. Tusitunge sheria kwa ajili ya miezi mitatu ya bajeti.

Mleta mada

Nawajibu kwa pamoja, ila wa Nzuguni kwanza, maana hoja yake ndiyo inayonichoma zaidi. Nyumba zilizo giza ndiyo shida yenyewe! Nyumba imekaa tupu miezi saba ikisubiri mitano yenye faida, na nesi wa zahanati ya kata anapanga chumba kimoja Nala. Giza hilo si dalili kwamba biashara inakufa. Maana yake ni kwamba faida ya Bunge inatosha kulipia miezi mitupu.

Ndugu wa Kondoa, Mungu ampe mama afya. Nyumba mliyokaa siipingi hata kidogo. Familia ya wiki tatu inayopika na kusalimia majirani ni wakazi wa muda, na kuandikwa kwenye daftari hakuwazuii kitu. Pengine sheria ndogo itenganishe wanaokaa wiki na kuendelea na wanaokaa usiku mmoja au miwili.

Dada wa Kisasa, umenigusa kuhusu mpangaji aliyekuhama. Mwenye nyumba mwaminifu hana pa kukimbilia akidhulumiwa kodi, na mimi niliandika kama vile upande wenu hauna jeraha. Nimekosea hapo. Lakini jibu la deni la mpangaji ni mkataba wenye meno na mahali pa kulidai haraka. Kumhamishia jirani mzigo wa geti linalogongwa saa nane hakulipi deni lako.

Mchangiaji, Chang'ombe

Shikamooni wakubwa. Naandika kwa niaba ya bibi yangu. Yeye ana vyumba viwili vya uani, analala palepale, anapokea wanafunzi wanaosubiri matokeo ya usaili na wafanyabiashara wa zabibu msimu wake. Mwalimu amesema wa namna hii ajiandikishe tu. Bibi anauliza: kujiandikisha kwa karatasi gani? Kiwanja chake hakijapimwa, hati hana. Akienda ofisini akaambiwa alete hati, ameshajitangaza, na kesho anafungiwa. Anasema bora abaki asionekane.

Mleta mada

Marahaba. Mwambie bibi swali lake ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sikuliwaza. Nilifikiria Ilazo yenye hati za miaka 99, nikasahau kwamba nusu ya mitaa tunayoitaja ina makazi ya zamani kuliko ramani. Basi nabadilisha: uandikishaji wa anayelala uani usidai hati kabisa. Jina, namba ya simu, idadi ya vyumba, ushahidi wa mjumbe wake. Na iandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe kwamba karatasi hiyo haitatumika dhidi yake kwenye mambo ya upimaji.

Mchangiaji, mjumbe wa serikali ya mtaa

Naomba niwaeleze njia, maana mnajadili kama vile mtendaji anaweza kuandika sheria ofisini kwake. Sheria ndogo inapitishwa na baraza la madiwani, wananchi wanatangaziwa waweke pingamizi, kisha inakwenda kwa waziri wa serikali za mitaa aidhinishe. Ni safari ndefu. Lakini diwani hasikilizi kilio kisicho na karatasi. Anasikiliza muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye majina na sahihi. Kwangu mimi daftari la wageni ndilo la kuanzia, kwa sababu hata leo mwenyekiti anaweza kuwaomba wenye nyumba hizo waache namba ya simu kwa balozi, na hakuna sheria inayokataza kuomba.

Mchangiaji, Kisasa

Namba ya simu nitaiacha kesho. Hilo sina shida nalo. La kubadili matumizi bado nakataa.

Mleta mada

Nashukuru, dada. Mkutano wetu wa mtaa ni Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe wa ofisi ya mtendaji. Nakuja na vipengele vitatu vimeandikwa kwa mkono: daftari, mtu wa kufika usiku, na hicho cha nyumba zisizo na mwenyeji. Hicho cha tatu nimekiacha wazi nusu ukurasa. Nyumba zako ziko Kisasa, najua, lakini njoo uketi nasi tukijaze ukiwepo.