Mistari mkiani: hawa wa mto Wami ni perege au sato?

MkaangajiDakawa: Habari zenu wakuu. Nakaanga samaki hapa Dakawa, jirani na daraja la Wami. Nawachukua kwa vijana wanaotega nyavu mtoni, na magamba naparua mwenyewe, kwa hiyo perege namjua kwa mkono. Dume lake wakati wa kuzaliana huwa jeusi, mdomo mpana, pezi la mgongoni lina ukingo mwekundu. Tangu masika yaliyopita naletewa wengine: mkia umejaa mistari myembamba iliyosimama, toka shinani hadi ukingoni, kama imepigwa rula. Halafu wapo wa katikati, mistari inakatikakatika na wekundu upo kwa mbali. Vijana wanasema perege ni perege, bei moja. Wateja nao hawalalamiki. Ila mimi nataka kujua, ndio sato hawa? Huku wamefikaje, si wa Mwanza?

BwawaMvomero: Dada, mistari ya hivyo mkiani ni sato, Oreochromis niloticus. Perege wenu ni Oreochromis urolepis, mwenyeji wa mito yetu hii: Wami, Ruvu, Rufiji, Kilombero. Sato anafugwa kila kona maana anakua haraka. Mtu anachimba bwawa bondeni, masika maji yanapita juu ya tuta, vifaranga hao! Wengine wanamwagwa makusudi kwenye malambo, eti kuongeza kitoweo.

Wanaonitia wasiwasi ni hao wa katikati. Ni machotara wa sato na perege, na chotara naye anazaa. Sisi wafugaji tunaujua mchanganyiko huu tangu miaka ya 1960: jike la sato kwa dume la perege wa Wami, vifaranga wanatoka karibu wote madume, bwawa halijai visamaki. Bwawani ni faida. Mtoni hakuna anayechagua nani azae na nani, na perege halisi anazidi kupungua huku nyavu zinajaa, hivyo hakuna anayeshtuka.

Msukuma_wa_Igombe: Jamani, sato si wa Mwanza! Ziwa Victoria naye aliletwa, miaka ya 1950, kama sangara. Wenyeji ni jamaa zake, ngege na mbiru. Lawama zote kabebeshwa sangara kwa kuwa ni mkubwa na alikula furu, wale visamaki wadogo wa ziwani, lakini ngege alibanwa na sato pia, chakula na mazalia. Cha kuchekesha, ngege alipandikizwa bwawa la Nyumba ya Mungu, mto Pangani, na huko yupo. Ziwani kwao kumpata ni kazi, Pangani ambako ni mgeni anavuliwa.

Kitoweo255: Kwa hiyo tusile? Sato mnono, mtamu. Watu wanatafuta mboga nyie mnaleta ukabila wa samaki 😂

BwawaMvomero: Kula mkuu, tena maliza kabisa. Akishanaswa asirudishwe mtoni wala asibebwe hai kwenda bwawa jingine, basi. Kazi ni kwetu wenye mabwawa. Langu liko juu, mafuriko hayafiki. Bomba la kutolea maji nimelifunga wavu wa matundu madogo kuliko kifaranga, na maji yanaishia kwenye mchicha, hayagusi kijito. Na ukinunua vifaranga uliza ni wa aina gani. Wauzaji wengine hata wenyewe hawajui, wanakujibu "perege wa kisasa".

Dada, ukipata wa katikati tanua mkia upige picha, andika kavuliwa wapi, mpelekee afisa uvuvi wa wilaya au watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Kwa picha peke yake chotara hathibitiki, wanapima vinasaba, ila wewe unaona mikia mingi kwa siku kuliko mtafiti yeyote.

MkaangajiDakawa: Asante sana, nitapiga kabla ya kuparua. Na majike je? Wale wenye mayai mdomoni hawana weusi wala wekundu.

BwawaMvomero: Rangi achana nayo, na mayai mdomoni majike wa sato na wa perege wote wanabeba. Angalia mkia tu.