Shule ya parokia Nsambya na watoto wa reli: nani anakumbuka?

Binti_wa_Reli
Habari zenu wapendwa. Babu yangu, Mungu amrehemu, alitoka Kisumu akafanya kazi ya reli Kampala, wakaishi kota za reli Nsambya. Mama alisoma shule ya parokia pale kilimani mpaka 1970, wakaondoka Uganda kwa haraka, hata karatasi moja hawakubeba. Sasa nimekuja Kampala kikazi, na kota zenyewe zilishabomolewa. Shule ile ilianzaje, na watoto kama mama waliishije pale?

Mwalimu_Mstaafu
Karibu nyumbani, mwanangu. Mwaka huo nilikuwa P.4, darasa la nne la msingi, hapohapo.

Kilima kile ni cha mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliofika 1895 na Askofu Henry Hanlon. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wamepigana Mengo, kilima cha ikulu ya mfalme wa Buganda, na watu walishazoea kusema Mkatoliki ni Mfaransa, Mprotestanti ni Mwingereza. Roma ikaleta mapadre kutoka Uingereza ili watu waone kwamba hata Mwingereza anaweza kuwa Mkatoliki. Mwaka 1903 wakaja masista, Mother Kevin akiwemo, na hospitali ya Nsambya ikaanza.

Babu zenu waliletwa na reli. Zamani mtu wa Kisumu alipanda meli akashukia Port Bell. Mwaka 1931 treni ikafika Kampala yenyewe. Kota zikajaa Wajaluo, Waluhya, Wasamia. Baraksi za polisi zilikuwa jirani, na huko walikuwepo Waacholi na Walugbara. Wote hao walileta watoto kwa mapadre.

Shida yetu ilikuwa lugha. Katekisimu tuliikariri kwa Luganda, nyumbani tulisema Kiswahili, na Kiswahili kilidharauliwa, eti lugha ya askari na vibarua. Tangu enzi za Kabaka, yaani mfalme, Daudi Chwa wakuu wa Buganda walikataa kisiingie mashuleni. Lakini tulikuwa na mwalimu mmoja mama, Muganda, aliyefundisha hesabu kwa Luganda kisha akapita benchi kwa benchi akitunong'oneza yaleyale kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kibovu sana. Mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu yake.

Halafu serikali ya Obote ikawafukuza wafanyakazi Wakenya. Benchi letu lilikuwa la watoto watano, tukabaki wawili. Yule mama aliendelea kuita majina yote ya rejesta kila asubuhi, ya waliokwenda pia, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo. Sisi tuliobaki hatukujua tuangalie wapi. Inawezekana jina la mama yako lilikuwemo.

Mama_wa_Bukavu
Shikamoo mwalimu. Umeniliza. Mimi ni Mkongo, nakaa Katwe, na wanangu wako shule ya parokia nyingine hapahapa mjini. Mkubwa ana miaka 11 lakini waliniambia aanze P.2 kwa sababu hajui Kiingereza. Hesabu anazijua kuliko darasa zima! Anakaa na watoto wa miaka saba, magoti hayaingii chini ya meza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kwenye katiba tangu 2005, lakini huko darasani sijakisikia.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba, mama. Usikae kimya. Mwombe mwalimu mkuu ampe mtihani wa hesabu peke yake, na uende na daftari zake za Kongo hata kama ni za Kifaransa, namba zinasomeka.

Binti, wewe nenda ofisi ya parokia uombe kitabu cha ubatizo. Kila mtoto huandikwa pamoja na wazazi wake na msimamizi. Beba jina la ubatizo la mama na mwaka, la sivyo watakuzungusha.

Binti_wa_Reli
Asante sana, mzee wangu. Nimempigia mama nikamsomea yote haya. Anasema yule mwalimu alikuwa akivaa gomesi ya kijani, na anauliza kama wewe ndiye uliyekuwa unakaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha.