Naenda Copenhagen mwezi wa nane, maduka gani ya kununua na yapi ya kuangalia kwa macho tu?

BintiTukuyu:
Habari za humu wakuu. Kazini wamenichagua kwenda semina Copenhagen kule Denmark mwisho wa mwezi wa nane, siku za kazi zote ni semina ila Jumamosi na Jumapili ni zangu mwenyewe, na mi toka zamani napenda kuvaa na napenda nyumba ipendeze, kwaiyo nikikaa hotelini nitajilaumu mpaka nazeeka. Nimeangalia picha za wadada wa kule wanavyovaa aisee, nguo za kawaida tu lakini mtu kapangika. Shida posho yenyewe ni ya kawaida. Mama yuko Tukuyu anataka sweta (baridi ya kule mnaijua na mvua yake), baba watoto anataka viatu vya kazini visivyoachia soli, na mi nataka kitu kimoja tu cha sebuleni ambacho mgeni akikiona lazima aulize umetoa wapi. Aliyewahi kuzunguka kule anipe mitaa yenyewe. Nipo Mbeya hapa Forest.

mkinga_mwenye_duka:
Hongera sana dada. Nilisoma huko kabla sijarudi kufungua duka, na mtu wa kwetu Makete huwezi kumtembeza kwenye maduka asikariri bei, kwaiyo soma taratibu.

Kwanza hesabu. Wao hawatumii yuro, wanatumia krone, we piga krone moja ni kama shilingi 400 kurahisisha. Kodi yao ya VAT inaitwa moms, ni asilimia 25 na imeshaingia kwenye bei unayoiona, hamna cha kuongezewa kaunta na hamna cha kupunguziwa, dukani bei ni ile ile. Na ukibadilisha hela kabla ya safari usikubali noti ya krone 1000, ilifutwa, mwisho wa kuitumia ulikuwa 31 Mei 2025. Mtu akikuuzia hiyo kakutafutia safari ya benki.

Sasa mitaa. Kila mtu atakwambia Strøget, na kweli nenda, ni barabara ya waenda kwa miguu toka 1962, inaanzia uwanja wa manispaa, Rådhuspladsen, mpaka Kongens Nytorv, kama kilomita moja na kidogo. Ila Strøget ina tabia mbili. Upande wa manispaa ni maduka ya watalii na ya kampuni zile zile zilizopo kila mji wa Ulaya, sweta zimeandikwa Denmark kifuani, pita tu. Ukifika Amagertorv ndo panaanza kunoga, hapo utakuta Illums Bolighus, ghorofa kadhaa za vitu vya nyumba tupu, viti, taa, vyombo, na jirani yake duka la Royal Copenhagen la vyombo vya kauri. Mbele kidogo kuna HAY, nao ni wa samani, hawa wa kisasa zaidi na rangi rangi. Pale HAY kuna vidude vidogo, trei, daftari, taulo za jikoni, mtu wa posho anatoka na kitu. Illums Bolighus we ingia kama unaingia makumbusho, angalia taa zinavyoning'inia chini karibu na meza, sio kama sisi taa moja dari katikati mwanga kama stendi ya Kabwe. Hilo la taa halihitaji hela, ukirudi mwambie fundi umeme.

Mwisho kule Kongens Nytorv ndo kuna Magasin du Nord, duka kubwa la zamani sana, metro ya kutoka eapoti inakuteremsha hapo hapo.

Ila mi binafsi hela yangu niliachia Nørrebro, kitongoji cha hapo hapo Copenhagen. Panda metro au tembea tu, utafute mtaa unaitwa Jægersborggade, ni mfupi, vyumba vya chini ya ghorofa vimegeuzwa viduka, wafinyanzi, watu wa nguo, kahawa, mwenye duka ndo fundi mwenyewe unamkuta na udongo mikononi. Kikombe kimoja si bei chee lakini hakuna mwingine Mbeya nzima atakuwa nacho, hicho ndo kitu chako cha sebuleni. Hapo jirani kuna makaburi ya Assistens, alikozikwa H.C. Andersen yule wa hadithi, na Jumamosi za msimu wa joto ukuta wake wa upande wa barabara unajaa watu wanauza vitu vya nyumbani kwao. Pale ndo unaweza kuomba upunguziwe, hasa wakianza kufunga. Beba keshi, wenyewe wanalipana kwa simu, wana MobilePay yao ambayo we mgeni huna.

Na beba mfuko wako toka nyumbani. Mfuko wa dukani kisheria hauuzwi chini ya krone 4.

Kijana_wa_Mwanjelwa:
Dada yangu mi nauza mtumba hapa Mwanjelwa naomba niseme kitu hapa. Zile Jack & Jones na Vero Moda unazochambua kwangu zote ni za kampuni moja ya hukohuko Denmark, inaitwa Bestseller, sasa ukinunua mpya kule kwa hela ya posho ukija hapa utazikuta nimezitandika kwa bei ya chipsi mayai, utalia. Tafuta vitu ambavyo belo haliniletei. Koti la mvua kwa mfano, kuna Rains, wa Denmark hao, mepesi afu hayana mambo mengi, mvua ya Mbeya toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne huvui.

Viatu vya shemeji mchukulie ECCO. Hao nao ni wa huko, toka 1963. Soli yake haishonwi, inamiminwa na kushikana na ngozi, ndo maana haiachii. LAKINI nisikilize, usichukue ECCO iliyotumika bila kuipima. Soli ya aina ile ikikaa kabatini miaka bila kuvaliwa inakufa kwa ndani, kwa macho kiatu kipya kabisa, ngozi inang'aa, shemeji anavaa siku moja na soli inamwagika kama mkate mkavu. Geuza kiatu, bonyeza soli na kidole gumba karibu na kisigino, kisha ikunje. Ikirudi na haina nyufa chukua. Ukiona unga unga hata ukipewa bure acha. Nimeshapokea belo la viatu hivyo nusu nikatupa.

MamaKihesa:
Kamwene. Mimi nipo Iringa, mwanangu ameolewa huko Denmark, nimeenda kumsaidia na mtoto. Binti hayo maduka makubwa nenda ukaburudike macho lakini vyombo usinunulie huko. Nenda maduka ya msaada, Røde Kors yaani Msalaba Mwekundu, na Kirkens Korshær, yapo mitaani kote, watu wanatoa vyombo vya bibi zao kwa sababu vijana hawavitaki. Wauzaji wengi ni wazee wa kujitolea, wapole, ukisalimia wanafurahi.

Sahani za Royal Copenhagen zile nyeupe zenye maua ya buluu, hiki kiwanda kipo toka 1775, mpya sahani moja tu bei yake utakaa chini. Kwenye msaada unazipata moja moja kwa hela ya kueleweka. Ukishaishika igeuze chini. Utaona mawimbi matatu ya buluu yamechorwa kwa mkono, ni ile milango yao mitatu ya bahari. Sasa angalia vizuri kwenye mwanga, kama kuna mkwaruzo umepita katikati ya hayo mawimbi ujue kiwanda chenyewe kiliishusha daraja, ina kasoro mahali, inaweza kuwa kidoa tu cha rangi. Mimi nazichukua hizo hizo, ukutani nani atageuza? Lakini bei ya daraja la kwanza usilipe. Pitisha na ukucha ukingoni kote, ukucha ukikwama imemeguka.

Sweta la mama tafuta hapo hapo msaada, soma lebo, iandikwe uld, ndiyo sufu yenyewe. Akryl, yaani uzi wa plastiki, achana nayo, hiyo hata Njombe haimfai mtu.

bonde_la_usangu:
Yaani mtu anapanda ndege mpaka Ulaya kwenda kununua mtumba 😂😂 Mwe!

MamaKihesa:
Mwanangu bonde, huo mtumba haujapita kwenye mikono ya mtu. Kijana wa Mwanjelwa mwenyewe atakwambia belo linachambuliwa mara ngapi kabla halijamfikia.

Kijana_wa_Mwanjelwa:
Mama kasema kweli, kizuri chote kinabaki njiani huko.

BintiTukuyu:
Jamani ndaga fijo, hii nimekopi yote. Jumamosi naamkia Nørrebro na keshi yangu, Jumapili Amagertorv kuangalia taa. ECCO nachukua mpya nisije nikamwaga unga ofisini kwa mume wa watu. Nimesikia kuna kurudishiwa kodi eapoti, ni kweli au stori?

mkinga_mwenye_duka:
Kweli, kwa sababu huishi nchi za Umoja wa Ulaya. Lazima duka lenyewe liwe kwenye huo utaratibu na ununue kuanzia krone 300 hapo hapo duka moja, uombe fomu ukiwa bado kaunta na pasipoti mkononi, ukitoka umetoka. Usivae hivyo viatu kabla hujasafiri, wanataka mzigo ambao haujatumika, afu begi lenye hivyo vitu usilikabidhi kwa shirika la ndege mpaka watu wa forodha wamepiga muhuri fomu yako, maana wanaweza kutaka kuviona. Hairudi yote, kampuni inayokushughulikia inakata chake. Na kama tiketi yako inapita nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya kabla ya kutoka, muhuri kwa kawaida unapigwa huko mwisho, sio Copenhagen. Unapitia wapi?

BintiTukuyu:
Doha moja kwa moja.

mkinga_mwenye_duka:
Basi ni hapo hapo Copenhagen, fika mapema, foleni yake asubuhi ni ndefu.