Mjadala: Fischer alinyang'anywa ubingwa mwaka 1975, au aliutupa mwenyewe?

Mleta mada

Ndugu wadau wa sataranji, kila linapotajwa jina la Bobby Fischer hawakosekani wanaodai kwamba FIDE, shirikisho linalosimamia mchezo huu duniani, lilimpokonya taji la ubingwa wa dunia hali hajashindwa na mtu ubaoni, kisha likamvika mpinzani wake, Anatoly Karpov, ambaye hakulitolea jasho. Naomba tuupime mwaka 1975 kwa masharti yaliyokuwa mezani, si kwa mapenzi yetu, maana mapenzi hayo hata mimi ninayo: kijana wa Brooklyn aliyekuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 14, na ambaye mwaka 1971, katika mchujo wa kumtafuta mpinzani wa bingwa, aliwafunga Mark Taimanov na Bent Larsen 6–0 kila mmoja, bila kuwaachia hata sare, si mtu wa kubezwa.

Masharti yake ya kutetea taji yalikuwa haya: mshindi awe atakayetangulia kushinda michezo 10, sare zisihesabiwe; idadi ya michezo isiwe na kikomo; na matokeo yakifika 9–9, mpambano usimame na bingwa abaki na taji. Juni 1974 alimpelekea rais wa FIDE, Max Euwe, telegramu ya kujiuzulu ubingwa kwa sababu hakupewa yote. Alijiuzulu, na shirikisho ndilo lililoendelea kumbembeleza! Sharti la michezo 10 lilikuwa limekwisha kukubaliwa. Machi 1975 ukaitishwa mkutano maalumu Bergen, Uholanzi, ukaondoa na kikomo cha michezo, lakini ukalikataa sharti la 9–9. Fischer hakujibu. Tarehe 3 Aprili Karpov akatangazwa bingwa.

Sasa tulihesabu hilo lililokataliwa. Mpinzani akifika 9–8, bado hajapata kitu. Ni lazima ashinde tena iwe 10–8, kwa sababu akipoteza mmoja tu yanakuwa 9–9 na safari yake imeishia hapo. Bingwa kwa upande wake anatosheka na kulingana. Ni shirikisho gani lingeweza kusimama mbele ya wanachama wake na kuuita huo ushindani wa haki?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu yako ni sahihi, ila umeiacha katikati. Kabla ya hapo mpambano wa ubingwa ulikuwa wa michezo 24, sare ikihesabiwa nusu pointi, na matokeo yakiwa 12–12 bingwa alibaki na taji. Ndivyo Mikhail Botvinnik alivyonusurika mwaka 1951 mbele ya David Bronstein na mwaka 1954 mbele ya Vasily Smyslov. Zaidi ya hayo, Botvinnik alikuwa na haki ya kudai marudiano, na kwa haki hiyo alirejesha taji mwaka 1958 na tena 1961, yaani aliyetaka kummaliza alipaswa kumshinda mara mbili. Yeye akipewa hayo ni kanuni, Fischer akiomba goli moja la ziada ni jeuri?

Tena, chini ya kanuni ya zamani bingwa angeweza kujikunyata, akatafuta sare hadi michezo iishe. Kanuni ya Fischer ilimnyima hicho kichaka, kwa kuwa ili abaki na taji lake alipaswa naye kushinda michezo tisa. Kumbuka pia kwamba Wilhelm Steinitz na Johannes Zukertort, mwaka 1886, walicheza kwa ushindi wa michezo 10 na wakakubaliana kwamba wakifika 9–9 mpambano uwe sare.

Mchangiaji wa pili

Mimi naona FIDE ilikubali sharti la hatari ikakataa lililokuwa dogo. Hatari ilikuwa ni kukosekana kwa kikomo. Karpov na Garry Kasparov walianza kuugombea ubingwa Septemba 1984 kwa ushindi wa michezo sita tu, na hadi mpambano unavunjwa Februari 1985 walikuwa wamecheza michezo 48, sare 40, Karpov akiongoza 5–3. Kwa kiwango cha 10 wangekuwa ukumbini hadi lini?

Mleta mada

Nianze na mwaka 1886, kwa kuwa mfano huo unanisaidia mimi: Steinitz na Zukertort walikuwa wanaugombea ubingwa wote wawili, na sare ya 9–9 isingempa mmoja wao alichomnyima mwenzake. Kuhusu marudiano ya Botvinnik, kanuni hiyo ilifutwa kwa sababu ilionekana inambeba bingwa, na sioni kwa nini dhuluma iliyofutwa irudishwe kwa mlango wa nyuma. Hoja ya kichaka cha sare naikubali, lakini ni hoja ya kutetea ushindi wa michezo 10, jambo ambalo Fischer alikwisha kupewa.

Na Karpov hakuwa mpinzani wa kuokotwa barabarani. Mwaka 1974, katika mchujo, alimshinda Boris Spassky kwa michezo minne dhidi ya mmoja, Spassky yuleyule ambaye Fischer alimvua taji Reykjavik miaka miwili kabla, kisha akampita Viktor Korchnoi.

Mchangiaji wa tatu

Wote mnazungumza kana kwamba sharti la 9–9 ndilo lililozuia mpambano. Manila, mji mkuu wa Ufilipino, ilikuwa imeahidi zawadi ya dola milioni 5 kwa mpambano wa Fischer na Karpov, na hata baada ya Karpov kuvikwa taji, yeye na Fischer walikutana ana kwa ana kujadili kucheza, Japani mwaka 1976, na mazungumzo yakaendelea mwaka uliofuata. Karpov alikuwa tayari, FIDE haikuwa tena kizuizi, na bado hawakucheza. Fischer hakugusa mchezo wa mashindano hadi mwaka 1992, alipocheza tena na Spassky huko Yugoslavia, kwa kanuni alizozitaka yeye, na kufikisha ushindi wa 10 katika mchezo wa 30. Anayesema alinyang'anywa atueleze kwanza nani alimzuia katika miaka hiyo yote iliyo katikati.